Nafasi ya Kukaa

Dar es Salaam, 7 Juni 1909

Shemeji Hatibu,

Salaam kwako na kwa wote wa Kilakala. Mimi mzima. Kazi ni ile ile, kubeba mataruma ya reli na kuyapanga.

Pili anaumwa. Si sana. Ila siku hizi hatoki nje. Tangu mama yake alipofariki tuko wawili tu nyumbani, na mimi ni mwanamume. Nataka kumleta akae kwa mama yake mkubwa, Mwajuma.

Swali langu ni moja. Nimlete kwa gari la moshi au kwa miguu? Usinijibu wewe, tafadhali. Mwulize Mwajuma. Najua hasomi, basi msomee kama nilivyoandika: Pili anaumwa, hatoki nje. Akisema gari, ni gari. Akisema miguu, ni miguu.

Sina jingine.

Shemeji yako,
Rehani


Kilakala, Morogoro, 12 Juni 1909

Shemeji Rehani,

Salaam nimezipokea. Barua yako nilipewa stesheni nilipopeleka ndizi zangu, nikaisoma nimesimama pale pale, nikarudi mlimani mbio na mkungu mmoja sijauuza.

Nilimwita dada Mwajuma nikamwambia Pili yuko taabani, kitandani hainuki. Akakaa chini akalia. Akauliza ni homa au ni tumbo, anakula au hali. Barua haikusema. Nikamjibu kwamba shemeji Rehani ni mtu wa maneno machache hata nyumba ikiungua.

Na habari ya safari, hili nalo ni la kuuliza? Gari la moshi. Mwaka jana dada yetu Chausiku alikuwa mgonjwa vile vile, ukamtembeza kwa miguu, na reli uliyoilaza kwa mikono yako ipo pembeni inakutazama. Ukamzika Ngerengere kando ya njia kama mtu asiye na kwao. Siku ile sikusema kitu, msiba ni msiba. Leo nasema.

Fanya hivi. Panda gari la asubuhi. Mkalishe ukingoni apate upepo. Mfunue uso, asije akavuta moshi chini ya kanga. Sisi tutakuwa stesheni na kitanda, wanaume wote wa ukoo, mimi mbele, tumbebe mpaka hapa. Mganga nimeshamwita. Tutajie siku tu.

Hatibu


Dar es Salaam, 16 Juni 1909

Mtani Salehe, Mikese,

Choma barua hii ukiisha kusoma.

Pili haumwi. Amevunja ungo. Aliyeniambia ni jirani yangu Bi Mosi. Aliniita uani, akasema huku anaangalia ukuta, na mimi nikauangalia ukuta. Tangu siku hiyo mtoto yumo chumbani. Bi Mosi anampelekea chakula. Mimi nalala barazani.

Wewe ni Mnyamwezi lakini umekaa na Waluguru, unajua mambo yetu. Mwali haonwi na wanaume mpaka kina mama wa ukoo wake wamfunde na kumtoa kwa ngoma. Akionwa na kila mpita njia, wanawake watasema huyu ameshatolewa na barabara, sisi tumtoe wapi tena. Hatachezewa ngoma. Na ukoo wake ni wa mama yake. Mimi baba pale ni mgeni. Nikiliharibu hili, mtoto hana kwao.

Nilitaka Mwajuma ajue. Lakini barua ya Mwajuma lazima isomwe na Hatibu, na Hatibu ni mjomba wa mtoto. Mjomba haambiwi damu ya mpwa wake. Nikaandika anaumwa. Sasa wananingoja stesheni na kitanda, wanaume wote. Anataka nimfunue uso.

Njia ya miguu ina wapagazi na askari kila kambi, na kulala ni kuchanganyika. Gari lina behewa moja la watu wetu, wanaume juu ya wanaume, mchana kweupe. Bi Mosi ananyonyesha, hawezi kusafiri.

Jingine sijamwambia mtu. Mwaka jana si mimi niliyechagua miguu. Chausiku alikuwa anatoka damu, haikatiki. Akasema sipandi gari, wanaume wataona nguo yangu. Nikamsikiliza. Sasa Hatibu ananilaumu na siwezi kumjibu. Ni dada yake.

Wewe mtani. Unaweza kusema lolote kwa yeyote. Nifanye nini?

Rehani


Mikese, 20 Juni 1909

Rehani mla magimbi,

Barua nimeichoma, na moto wake nimechomea mahindi. Nimecheka mpaka mke wangu akauliza nani kafa huko.

Herufi nilikufundisha mimi, kwa chokaa juu ya mataruma, wakati tunalaza reli hapa. Nilidhani nimekufundisha zote. Kumbe ukifika kwenye neno lenyewe mkono unakufa ganzi. Mluguru akiona haya anapanda mlimani anajifunika ukungu. Wewe huko pwani huna ukungu, ndiyo maana unahangaika.

Sasa sikia. Usipande gari. Usitembee. Kaa hapo hapo, mwali ndani, wewe barazani mbu wale nyama. Nitakwenda Kilakala mwenyewe. Nitamkuta Mwajuma shambani nimwambie kwa mdomo. Akinirushia jembe, ndiyo kazi ya utani. Akishajua yeye atapanga, na wanawake wa kwenu watakuja kumchukua mtoto wao wanavyojua wao.

Leo siwezi kuondoka, tuna daraja bovu la reli na msimamizi hatoi ruhusa. Likiisha tu, naenda. Ningoje.

Salehe


Kilakala, 21 Juni 1909

Rehani,

Nilikwambia gari nikaomba siku. Hujajibu. Mwajuma hali chakula. Anasema unamchelewesha mtoto kama ulivyomchelewesha mama yake.

Tumekaa ukoo mzima na tumekata shauri. Jumamosi hii kama hamkushuka kwenye gari, mimi nakuja Dar es Salaam na wanaume wawili. Nitavunja mlango wa hicho chumba nimbebe mpwa wangu mgongoni. Mmoja umetumalizia. Wa pili hatukuachii.

Hatibu, mjomba wa Pili


Dar es Salaam, 24 Juni 1909

Shemeji,

Tunakuja Jumamosi. Kwa gari. Usije huku.

Rehani


Dar es Salaam, 24 Juni 1909

Mtani,

Siwezi kungoja. Hatibu anakuja kuvunja mlango. Mjomba amkute mwali chumbani, hilo ni baya kuliko gari.

Jumamosi tunapita Mikese. Nitamfunika kanga mbili za mama yake, kichwani mpaka miguuni. Ukiweza panda. Ukishindwa, basi.

Rehani


Kilakala, 29 Juni 1909

Shemeji Rehani,

Umeondoka bila kuaga. Nimekutafuta stesheni nzima, nikaambiwa umepanda gari la kurudi. Hivyo ndivyo mtu anavyofanya?

Nataka unieleze, maana hapa hakuna anayenieleza. Gari halijasimama sawasawa, habari imeshatufikia kwamba mna mgonjwa wa ndui ndani. Watu wakaruka madirishani. Nami nakwambia kweli, kitanda tulikitupa tukakimbia, wote, na mimi mbele kama nilivyoahidi kuwa mbele. Aliyebaki ni Mwajuma. Yeye ana makovu ya ndui tangu utoto, haogopi. Aliingia kwenye lile behewa peke yake, na askari wanamzuia, akawapita.

Tukasimama nyuma ya uzio tukaona yaliyobaki kwa mbali. Tukaona Mnyamwezi mmoja aliyekuwa nanyi behewani analazwa juu ya pipa. Tukaambiwa ndiye aliyetangaza ndui ya uongo. Nilisema afadhali, wampige sana, katutia hofu sote na mtoto mgonjwa. Walipomwachia akapita karibu yetu anayumba, nikatema mate miguuni pake.

Lakini Pili sasa simwelewi. Alitoka behewani amefunikwa gubigubi, kashikiliwa na Mwajuma, lakini anatembea kwa miguu yake. Anapanda mlima kuliko mimi. Kufika nyumbani kafungiwa ndani. Mganga kafukuzwa. Nikiuliza mpwa wangu anaumwa nini, wanawake wanacheka. Jana nimemwuliza mke wangu, akanipa mtoto nimbembeleze akaenda zake kisimani.

Ugonjwa gani huu unaopona garini?

Hatibu


Dar es Salaam, 2 Julai 1909

Salehe,

Leo siandiki mtani.

Nimesikia kwa watu wa reli kwamba bado unalala kifudifudi. Nataka niyaseme kama yalivyokuwa, usije ukadhani sikuona.

Ulipopanda Mikese, Pili alikuwa pembeni kwenye sakafu. Yule mchuuzi wa samaki alikuwa ametusumbua tangu Ruvu. Anasema ana dawa ya kila kitu, nimfunue mgonjwa amtazame. Nilimwambia hapana. Akacheka. Akawaambia wenzake huyu kaficha bibi mzuri humo. Akashika kanga. Mikono yangu hii inabeba mataruma ya chuma, na sikumshika mkono. Nilikaa. Wewe ndiye uliyesema, wala hukupaza sauti, "Mfunue tu, ndugu yangu. Lakini ndui haina dawa."

Behewa zima likahamia upande wa pili, wengine wakaning'inia nje. Ukakaa ukanyoosha miguu. Ukasema sasa angalau tuna nafasi ya kukaa. Pili alicheka chini ya kanga. Nilimsikia. Ni mara ya kwanza kucheka tangu mama yake.

Morogoro askari wakatuzunguka. Bwana mganga wa Kijerumani akasema mgonjwa afunuliwe, atazame mwili wote. Mwajuma, aliyekwisha kunong'onezwa na mtoto chini ya kanga, akasimama mbele yake na mikono ameitandaza. Bwana akauliza nani kasema ndui.

Hapo ilikuwa zamu yangu. Ningesema: bwana, huyu ni mwali, hana ndui, na huyu mtu alitaka kumsitiri. Kiswahili bwana yule anakisikia. Lakini Hatibu alikuwa nyuma ya uzio na ukoo wote, na ningesema wangesikia. Nikaangalia reli.

Ukasema, "Mimi, bwana. Nimedanganya. Nilitaka nafasi ya kukaa."

Wakacheka sana. Wakamwacha mtoto apite na Mwajuma. Halafu wakakulaza juu ya pipa. Viboko hamsa wa ishirini. Sikufumba macho. Hilo tu ndilo nililofanya.

Ulipoinuka nilikuwa nimeshakwenda. Nilipanda gari la kurudi. Behewa lilikuwa tupu. Nikakaa.

Sijui mtu anaombaje radhi kwa jambo kama hili.

Rehani


Mikese, 9 Julai 1909

Rehani,

Mbona unaandika kama uko matangani? Sijafa. Mke wangu ananipaka mafuta ya nyonyo na kunisimanga, anasema maisha yote nimetafuta pa kukaa na sasa sina cha kukalia.

Unadhani nilifanya kwa ajili yako. Mla magimbi wewe, kwa ajili yako nisingepigwa hata kofi. Nilifanya kwa ajili ya mwali. Mkifa nyinyi nani anawachimbia kaburi huku anawatukana? Si sisi watani? Basi kama tunaweza kumsitiri maiti, mtu hai mwenye kucheka chini ya kanga atatushinda?

Lakini moja sitanii. Kabla sijalala kwenye lile pipa nilikutazama. Sikutaka useme. Kama ungesema, kazi yangu yote ingeharibika. Nilitaka uniangalie tu. Ukaangalia reli. Hiyo iliniuma, na haina mafuta ya nyonyo.

Nimelisema, limekwisha. Sitalirudia, wala wewe usiandike tena barua ya namna ile, inamliza mke wangu na mimi ndiye namsomea.

Siku ya kumtoa mwali nitakuja kudai haki yangu ya mtani. Jogoo, na kiti mbele ya chako. Kiti kiwekeni. Kukaa, bado.

Salehe, mpagazi wako


Kilakala, 1 Agosti 1909

Shemeji Rehani,

Sasa najua.

Mke wangu alikuwa anapepeta mchele. Bila kuinua macho akasema, "Mpwa wako amekua, bwana wee. Wacha kuuliza." Akaendelea kupepeta. Nami nikachukua jembe nikaenda shambani ambako sikuwa na kazi.

Amekua. Rehani, neno hilo hukulijua? Mtoto wa kila mtu anakua. Ungeliandika hilo ningemsomea Mwajuma huku natazama miti, na asingelia mtu, wala kitanda kisingeshuka mlima.

Lakini Mwajuma hakuniacha. Aliniambia nilete barua yako ya kwanza niisome tena, neno kwa neno. Nikaisoma. Nilipofika kwenye hatoki nje akanizuia. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Hiyo ndiyo uliyonisomea siku ile?" Sikuwa nimemsomea. Nilimwambia hainuki, kwa kuwa ndivyo nilivyoelewa mimi, na nilipenda kusimulia kuliko kusoma. Angesikia maneno yako angejua papo hapo. Amenitukana mbele ya watoto wangu.

Sasa la furaha. Kina mama walikaa kumwamua. Wengine walisema kapanda gari na wanaume, kaonwa. Mwajuma akaapa kwamba kanga haikufunuliwa tangu Dar es Salaam mpaka mlangoni, wala uso wala kidole. Wamekubali. Anafundwa. Atatolewa mwezi ujao baada ya mavuno, na ngoma itapigwa hapa hapa Kilakala, kwao.

Njoo. Na uniambie, yule Mnyamwezi ni nani? Kila nikipita stesheni naona pale nilipotema mate.

Hatibu


Dar es Salaam, 10 Agosti 1909

Shemeji Hatibu,

Yule ni Salehe, mtani wangu, anakaa Mikese. Tulilaza reli pamoja. Yeye ndiye aliyeizuia kanga isifunuliwe. Uongo wa ndui ulikuwa wa kumsitiri mpwa wako, na alipoulizwa aliubeba peke yake. Mimi nilikuwa hapo, karibu kuliko wewe, na nilinyamaza. Si kwa kuogopa kiboko. Kwa kuogopa masikio yako.

Mate yako tuyagawane. Nusu ni yangu.

Na habari ya Chausiku. Hii msomee Mwajuma, kama nilivyoandika. Alikuwa anatoka damu. Nilimwambia tupande gari. Akasema wanaume wataona nguo yangu. Nikaona haya pamoja naye nikamtembeza. Tulipofika Ngerengere hakuweza tena. Ningembeba nimpandishe gari kwa nguvu, angelia, angenichukia, angefika. Lawama yako ni ya haki. Nilitaka tu ujue ilikuwaje.

Safari hii huna haja ya kunichagulia njia. Nitatembea mpaka Mikese. Nitapita Ngerengere, kuna kaburi la kupalilia. Mikese nitamchukua Salehe, na kutoka hapo tutapanda gari. Anasema bado hawezi kukaa vizuri. Ataegemea, atakaa upande, atajua mwenyewe, nafasi itakuwepo.

Mimi nitasimama mpaka Morogoro.

Kitanda msilete. Leteni kiti kimoja, na mje wanaume wote, na wewe mbele.

Rehani, baba yake mwali